Nani Mwenzi wa Nani? Uhakiki wa Lugha ya Ushahidi katika Uchunguzi wa Nyota Wenzi za Jozi za Eksirei

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayobeba ushahidi unaopatikana kwa kuchunguza, katika mwanga wa kawaida, nyota wenzi zilizomo katika jozi za eksirei. Data ya msingi ni vichwa vya makala matatu ya kisayansi ya mwaka 1972, 1986 na 1992, yaliyojenga hoja ya kuwepo kwa mashimo meusi katika mifumo ya Cygnus X-1, A0620-00 na V404 Cygni. Uchambuzi unaonyesha kwamba kiwango cha uhakika katika vichwa hivyo hakikubebwa na istilahi za kinomino, bali na alama ya kiulizo, mpangilio wa maneno na kitenzi. Unaonyesha pia kwamba neno lenye maana ya mwenzi lilihama kutoka upande mmoja wa jozi hadi upande wa pili. Kwa msingi huo inajengwa hoja kwamba usanifishaji wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umeegemea mno nomino na kuacha vitenzi vya ushahidi bila mwongozo. Makala yanapendekeza ngazi ya vitenzi hivyo na kueleza umuhimu wake kwa vyombo vya kusimamia lugha katika ukanda huu.

Maneno muhimu: istilahi, ushahidi, jozi za eksirei, nyota mwenzi, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Tarehe 10 Aprili 2019 ilitangazwa picha ya kwanza ya eneo linalozunguka shimo jeusi lililo katikati ya galaksi ya M87. Picha ilionyesha pete ya gesi yenye kung'aa na kivuli katikati yake. Tangu hapo kitenzi "kuona" kimekuwa mwandani wa nomino "shimo jeusi", na msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba kila shimo jeusi linalotajwa limepigwa picha.

Hali haikuwa hivyo kwa takriban nusu karne iliyotangulia, na kwa mifumo mingi haiko hivyo hata sasa. Mashimo meusi ya kwanza yaliyokubaliwa na wataalamu hayakuonekana. Yalijulikana kwa ushuhuda wa nyota ya kawaida iliyo jirani nayo, iliyochunguzwa kwa darubini za mwanga usiku baada ya usiku. Kutoka kwenye mwendo wa nyota hiyo hadi kwenye kauli kwamba shimo jeusi lipo, kuna hatua kadhaa za kupima, kukokotoa na kukadiria. Kila hatua ina lugha yake. Lugha hiyo ikipotea katika tafsiri, maarifa hubaki jina tupu.

Makala haya yanachunguza lugha ya hatua hizo. Vichwa vya makala vimeteuliwa kuwa data kwa sababu kichwa ndipo mahali ambapo mtafiti hulazimika kuamua, kwa maneno machache, ni kwa kiasi gani yuko tayari kudai. Vichwa hivyo vinaelezwa hapa kwa Kiswahili kwa kuzingatia maana na muundo wake.

2.0 Neno la Kiswahili katika orodha za anga

Eksirei zitokazo angani hazipenyi angahewa ya dunia. Kwa hiyo elimu yake ilianza pale vyombo vilipoweza kurushwa juu. Tarehe 18 Juni 1962 roketi iliyorushwa kutoka White Sands, New Mexico, ikiwa na vyombo vya Riccardo Giacconi na wenzake, iligundua chanzo kikali cha eksirei kilichoitwa baadaye Scorpius X-1. Roketi hizo, hata hivyo, zilikaa juu ya angahewa kwa dakika chache tu. Kilichohitajika ni setilaiti.

Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi hiyo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamiwa na Italia katika bahari ya pwani ya Kenya karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, na Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo upande wa shirika la anga la Marekani, aliipa setilaiti hiyo jina la Uhuru. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339, na kila kimoja hutanguliwa na alama 4U. Mtafiti yeyote duniani anayeandika 4U 1700-37 anaandika herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili.

Uhuru ilibaini kwamba baadhi ya vyanzo hivyo vina mpigo na vipindi. Centaurus X-3 kilipiga kila baada ya sekunde 4.8, na kila baada ya siku 2.1 kilififia na kurudi, kama kitu kinachopita nyuma ya kingine. Hercules X-1 kilikuwa na mpigo wa sekunde 1.24 na mzunguko wa siku 1.7. Hiyo ilikuwa dalili kwamba chanzo cha eksirei hakiko peke yake: kimefungamana na nyota, na vyote viwili vinazungukana. Mfumo wa namna hii unaitwa hapa jozi ya eksirei. Gesi ya nyota huvutwa na kitu kilichosongamana, yaani nyota ya nyutroni au shimo jeusi. Gesi hiyo hupata joto kali inapoanguka na kutoa eksirei.

Setilaiti haikuweza kumaliza kazi hiyo. Ilionyesha eneo, si nyota. Ilibidi darubini za mwanga zitafute, miongoni mwa nyota nyingi za eneo hilo, ni ipi yenye kipindi kilekile. Kwa Hercules X-1 jibu lilipatikana mwaka 1972: nyota HZ Herculis ilionekana kung'aa na kufifia kwa kipindi cha siku 1.7, kwa kuwa upande wake unaoelekea chanzo cha eksirei umechomwa na mionzi hiyo. Kugeuka kwa mwangaza wa nyota hiyo kulijulikana kabla ya enzi za setilaiti, ila sababu yake haikujulikana.

Jukwaa hilohilo la San Marco lilirusha setilaiti ya Uingereza, Ariel V, tarehe 15 Oktoba 1974. Mwezi Agosti 1975 iligundua chanzo kipya, A0620-00, ambacho kwa muda kilikipita kila chanzo kingine cha eksirei kilichojulikana nje ya mfumo wa jua. Herufi A ni ya Ariel. Hivyo vyombo viwili muhimu katika historia hii viliondokea pwani ya Waswahili, na kimoja kilibeba neno lao. Hata hivyo, kubeba neno hakujawa sawa na kubeba mjadala. Jina la Uhuru limo katika orodha za anga, lakini Kiswahili hakijajitengenezea namna thabiti ya kueleza kile ambacho Uhuru ilianzisha.

3.0 Jinsi nyota inavyotoa ushahidi

Ili lugha ihakikiwe, sharti mantiki inayobebwa nayo ieleweke. Mwanga wa nyota ukichanganuliwa katika rangi zake, huonyesha mistari myeusi au ang'avu kwenye sehemu maalumu. Nyota inapoelekea duniani, mistari hiyo husogea upande wa buluu. Inapotupa mgongo, husogea upande wa wekundu. Kutokana na kiasi cha kusogea hupatikana kasi ya nyota, na kutokana na marudio yake hupatikana kipindi cha mzunguko.

Vipimo hivyo viwili, kasi na kipindi, vinatosha kukokotoa namba moja yenye uzito mkubwa katika hoja: kima cha chini cha tungamo la kitu kisichoonekana. Kitu hicho hakiwezi kuwa na tungamo dogo kuliko namba hiyo. Kinaweza kuwa na kubwa zaidi, lakini ili kujua ni kubwa kiasi gani, mtafiti anahitaji makadirio mengine: tungamo la nyota yenyewe, umbali wake, na pembe ambayo mzunguko unatazamwa kutoka duniani. Pembe hiyo mara nyingi hukadiriwa kwa kutazama umbo la nyota. Nyota iliyovutwa na jirani mzito hurefuka kama yai. Ikizunguka huonyesha ubavu wake mpana mara mbili katika kila mzunguko, na mwangaza wake hupanda na kushuka mara mbili.

Nyota ya nyutroni, kwa mujibu wa nadharia, haiwezi kuzidi takriban mara 3 ya tungamo la jua. Kitu kilichosongamana kikizidi hapo, maelezo yanayobaki ni shimo jeusi. Mnyororo wa hoja kwa hiyo una pingu nne: kinachoonekana, kinachopimwa, kinachokokotolewa, na kinachokadiriwa. Hitimisho hufuata baada ya hizo nne.

Hata pingu ya kwanza si nyepesi. Mwaka 1966 chanzo cha Scorpius X-1 katika mwanga wa kawaida kilitambuliwa kuwa kitu chenye rangi ya buluu. Mwanga huo, hata hivyo, ulitoka zaidi kwenye kisahani cha gesi inayozunguka kitu kilichosongamana, si kwenye nyota. Dalili za nyota mwenzi yenyewe zilitengwa na Danny Steeghs na Jorge Casares mwaka 2002. Kwa miaka 36, basi, mtu aliyesema "nyota mwenzi ya Scorpius X-1 imeonekana" angekuwa ametamka neno lisilo mahali pake, japo alikuwa akitazama mahali sahihi.

4.0 Vichwa vitatu, viwango vitatu vya uhakika

Kichwa cha kwanza ni cha Louise Webster na Paul Murdin, kilichochapishwa Januari 1972. Watafiti hao wa Royal Greenwich Observatory walichunguza nyota HDE 226868, ambayo vipimo vya redio vya mwaka 1971 vilikuwa vimeielekezea macho kuwa ndiyo iliyo mahali pa Cygnus X-1. Waligundua kwamba nyota hiyo huzunguka kwa siku 5.6. Tom Bolton, aliyefanya kazi Toronto, alifikia kipindi hichohicho katika uchunguzi wake. Kichwa cha Webster na Murdin, kikielezwa kwa Kiswahili, kinasema kwamba Cygnus X-1 ni jozi iliyobainika kwa spektra, yenye mwenzi mzito. Kisha kinamalizia kwa alama ya kiulizo.

Kiulizo hicho si pambo la adabu. Kasi ya nyota ni takriban kilomita 75 kwa sekunde, na kima cha chini kinachotokana nayo ni robo tu ya tungamo la jua. Namba hiyo peke yake haithibitishi lolote. Nguvu ya hoja ilitegemea kukubali kwamba HDE 226868 ni nyota jitu lenye tungamo kubwa, na hivyo kwamba kinachoweza kuliyumbisha hakina budi kuwa kizito. Mwaka 1973 Virginia Trimble na wenzake waliuliza kama nyota hiyo haingeweza kuwa nyepesi kuliko inavyoonekana. Nao pia walitia kiulizo katika kichwa chao. Hapa kiulizo kilikuwa mahali ambapo pingu ya makadirio iliungana na zile za vipimo.

Kichwa cha pili ni cha Jeffrey McClintock na Ronald Remillard, mwaka 1986, kuhusu A0620-00. Baada ya mlipuko wa 1975, mfumo huo ulififia kiasi kwamba nyota ndogo, baridi kuliko jua, iliweza kuchunguzwa bila kufunikwa na nuru ya kisahani. Nyota hiyo huzunguka kwa saa 7.75, kwa kasi waliyoipima kuwa kilomita 457 kwa sekunde. Kima cha chini kilikuwa mara 3.2 ya tungamo la jua. Kichwa chao ni kirai nomino kisicho na kitenzi wala kiulizo: jozi ya shimo jeusi A0620-00. Kirai hicho hakidai kwamba shimo jeusi lipo. Kinalichukulia kuwa limekwishakubaliwa, na kuligeuza kuwa sifa ya mfumo.

Kisarufi, dai lililofichwa ndani ya kirai nomino ni gumu kulipinga kuliko dai lililo katika sentensi, kwa sababu msomaji hapewi kiarifu cha kukanusha. Vipimo vya baadaye vya Marsh, Robinson na Wood, vya mwaka 1994, vilipunguza kasi hiyo, na kima cha chini kikashuka hadi takriban 2.7. Hitimisho halikuanguka, kwa kuwa tungamo kamili, baada ya kuzingatia pembe na nyota yenyewe, ni kubwa kuliko kima hicho. Lakini namba iliyokuwa juu ya mpaka wa 3 ilishuka chini yake, na kirai nomino hakikuwa na mahali pa kuonyesha badiliko hilo.

Kichwa cha tatu ni cha Jorge Casares, Phil Charles na Tim Naylor, mwaka 1992. V404 Cygni ililipuka mwaka 1989, ikagunduliwa na setilaiti ya Japani, Ginga. Ilipotulia, nyota mwenzi ilionyesha kipindi cha siku 6.5, na kima cha chini cha mara 6.3 hivi ya tungamo la jua. Hapo hapakuhitajika makadirio yoyote ya ziada ili kuvuka mpaka wa nyota ya nyutroni; kima cha chini pekee kiliuzidi mara mbili. Pamoja na hayo, kichwa chao kinataja kwanza kilichopimwa, yaani kipindi, kisha kinatumia kitenzi chenye maana kwamba kipindi hicho kinabeba hitimisho la kuwepo kwa shimo jeusi.

Hili ndilo jambo la kushangaza katika data hii. Ushahidi ulio imara kuliko yote mitatu ndio uliotajwa kwa kitenzi cha hadhari. Ni kweli kwamba kichwa si makala yote, na kwamba mkono wa mhariri huweza kuwapo. Hata hivyo, mpangilio wa 1992 unampa msomaji kitu ambacho ule wa 1986 haumpi: njia ya kurudi kutoka kwenye hitimisho hadi kwenye kipimo. Anayetaka kubisha anajua pa kuanzia.

5.0 Mwenzi aliyehama upande

Katika kichwa cha 1972, mwenzi ni kitu cheusi. Nyota ndiyo mwenye nyumba. Kwa Trimble na wenzake, mwaka 1973, nyota ndiyo iliyoitwa kuu. Leo matumizi yamegeuka: watafiti wanapotaja mwenzi katika jozi ya eksirei, kwa kawaida wanakusudia nyota, na kitu kilichosongamana ndicho kinachochukua nafasi ya mhusika mkuu. Nyota haikubadilika, wala mzunguko wake. Kilichobadilika ni shauku ya anayesimulia. Mtazamaji wa spektra huanza na anachokiona. Mtafiti wa eksirei huanza na anachokitafuta.

Mfasiri wa Kiswahili anakabiliwa na maneno matatu yanayokaribiana: mwenzi, mwenza na mwandani. "Mwenza" ameingia katika matumizi ya mke mwenza, mwenyekiti mwenza na mgombea mwenza. Katika matumizi hayo neno huashiria kushiriki cheo kimoja au kumfuata mkubwa. "Mwandani" hubeba ukaribu wa moyo. "Mwenzi" ndilo linalofaa zaidi, kwa sababu halipangi daraja: ikiwa huyu ni mwenzi wa yule, yule naye ni mwenzi wa huyu. Kwa neno hilo swali la nani mkuu hubaki wazi, kama fizikia inavyotaka.

Kiswahili kina nyenzo nyingine ambayo haijathaminiwa vya kutosha, nayo ni kiambishi cha kutendana. Sentensi "nyota inalizunguka shimo jeusi" ni ya kawaida, lakini inapotosha. Katika Cygnus X-1, kwa makadirio ya mwaka 2021, nyota ina tungamo la takriban mara 40 ya jua na shimo jeusi takriban mara 21. Vyote viwili huzunguka kitovu kimoja cha uzito, na kilicho kizito zaidi, yaani nyota, ndicho kinachosogea kidogo. Kitenzi "vinazungukana" kinasema hayo yote kwa neno moja. Lugha nyingine hulazimika kuongeza kishazi.

Suala la mwenzi linagusa pia masimulizi. Maelezo ya kusisimua hupenda kusema kwamba shimo jeusi "linamla" au "linamnyonya" mwenzake. Sitiari hiyo ina ukweli wake, kwa kuwa gesi ya nyota huhamia upande wa pili. Kasoro yake ni kwamba nyota inakuwa mhanga tu, na msomaji hapati kujua kwamba habari nzima imetoka kwake. Katika mnyororo wa ushahidi nyota ni shahidi. Bila mwendo wake hakuna kasi, na bila kasi hakuna kima cha chini. Simulizi inayomfanya shahidi kuwa chakula inaondoa mahakamani ushuhuda ambao kesi nzima inautegemea.

6.0 Vitenzi vya ushahidi katika Kiswahili

Neno "shahidi" halikutumiwa hapo juu kwa bahati. Lugha ya mahakama katika Afrika Mashariki imekwisha kutofautisha shahidi aliyeona kwa macho yake na ushahidi wa mazingira. Hakimu anayeandika kwa Kiswahili hachanganyi hayo mawili, kwa sababu mtu anaweza kufungwa kwa mchanganyiko huo. Uandishi wa sayansi una haki ya kuazima uangalifu uleule. Kwa kufuata mnyororo wa sehemu ya 3.0, ngazi ifuatayo inapendekezwa.

(i) Kuona: litumike pale tu mwanga au mionzi ya kitu chenyewe inapopokewa. HDE 226868 imeonekana. Shimo jeusi lake halijaonekana.

(ii) Kupima: litumike kwa kasi, kipindi na mwangaza.

(iii) Kukokotoa: litumike kwa namba inayofuata vipimo kwa kanuni, kama kima cha chini cha tungamo.

(iv) Kukadiria: litumike pale panapoingia dhana ya ziada, kama umbali, pembe au tungamo la nyota.

(v) Kudokeza, kuashiria na kulazimu: yatumike kwa hitimisho, kwa mpangilio huo wa nguvu. Dalili hudokeza, dalili kadhaa zinazoelekea upande mmoja huashiria, kipimo kisichoacha mlango mwingine hulazimu.

(vi) Kuthibitisha: libaki kwa hitimisho lililofikiwa kwa njia zaidi ya moja zisizotegemeana.

Kwa ngazi hii vichwa vitatu vinaweza kuelezwa bila kupoteza tofauti zake. Mwendo wa HDE 226868 ulidokeza mwenzi mzito. Mwendo wa nyota ya A0620-00 uliashiria shimo jeusi. Mwendo wa nyota ya V404 Cygni ulilazimu. Aidha, Kiswahili kina vielezi na vishazi vya kurekebisha kila ngazi: huenda, yamkini, inaelekea, haina budi. Upungufu haumo katika lugha. Umo katika mwongozo wa matumizi yake.

Faida ya ngazi hii hujitokeza namba zinapobadilika. Mwaka 2011 tungamo la shimo jeusi la Cygnus X-1 lilikadiriwa kuwa takriban mara 15 ya jua, kwa umbali wa takriban miaka ya nuru 6,100. Mwaka 2021 umbali ulipopimwa upya na kuonekana kuwa takriban miaka ya nuru 7,200, tungamo lilipanda hadi takriban 21. Kitabu kilichoandika "tungamo lake ni mara 15" sasa kina kosa. Kitabu kilichoandika "tungamo lake, likikadiriwa kutokana na umbali na mwendo wa nyota mwenzi, ni takriban mara 15" kina makadirio ya zamani, na kinamwonyesha mwanafunzi ni wapi marekebisho yametokea.

Mfano mkali zaidi ni wa mfumo HR 6819. Huu si jozi ya eksirei, kwa kuwa hakuna eksirei iliyohusishwa nao, lakini mantiki ya kusoma mwendo wa nyota ilikuwa ileile. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba mwendo wa nyota katika mfumo huo unaonyesha shimo jeusi umbali wa takriban miaka ya nuru 1,000 tu. Mwaka 2022 uchunguzi mpya ulionyesha kwamba hakuna shimo jeusi: ni nyota mbili, na mojawapo ilikuwa imevuliwa tabaka lake la nje na mwenzake, hivyo tungamo lake lilikuwa limekadiriwa kupita kiasi. Wahenga husema dalili ya mvua ni mawingu, na mkulima anajua kwamba si kila wingu hunyesha. Aliyeandika kwamba shimo jeusi "limeonekana" karibu na dunia hakuwa na namna ya kurekebisha ila kukana. Aliyeandika kwamba mwendo wa nyota "umeashiria" alihitaji sentensi moja tu ya nyongeza.

7.0 Mafunzo kwa sera ya lugha

Kazi ya istilahi za sayansi katika Kiswahili ina historia ndefu na matunda ya kuheshimika. Hata hivyo, orodha za istilahi kwa kawaida ni orodha za majina ya vitu: kila nomino ya kigeni hutafutiwa nomino ya Kiswahili. Kwa kigezo hicho somo hili lingeonekana kuwa tayari limekamilika, kwani eksirei ipo, nyota ya nyutroni ipo na shimo jeusi lipo. Uchambuzi uliotangulia unaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa na nomino zote hizo na bado asiweze kusema kwa usahihi ni nini kinachojulikana.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba fizikia ya kiwango hiki haifundishwi kwa Kiswahili katika shule za sekondari za nchi nyingi za ukanda huu, hivyo hakuna wa kunufaika. Jibu ni kwamba umma haungojei mtaala. Unapata sayansi kwa redio, magazeti na simu, na huko Kiswahili tayari kinafanya kazi bila mwongozo. Ya pili ni kwamba tofauti kati ya kudokeza na kuashiria ni anasa ya wasomi. Jibu ni kwamba tofauti hiyohiyo ndiyo inayohitajika katika taarifa za dawa, mvua na magonjwa ya mlipuko. Jamii iliyozoea kusikia "wataalamu wamethibitisha" kwa kila dalili huacha kuamini neno hilo siku ambayo uthibitisho upo kweli. Anga ni mahali salama pa kufundishia nidhamu hiyo, kwa kuwa hakuna anayedhurika mtu akikosea kuhusu Cygnus X-1.

Suala la ukanda lina uzito wake pia. Msomaji wa Bujumbura au Bukavu aliyesoma sayansi kwa Kifaransa huitaja herufi ya mionzi hiyo "iksi". Neno "eksirei" linafuata masikio ya Kiingereza, na kamusi zina pia neno "uyoka". Nomino zitaendelea kutofautiana kwa muda, na pengine si hasara kubwa. Vitenzi vya ushahidi, kinyume chake, ni vya Kiswahili cha wote. Kupima, kukokotoa na kukadiria vinaeleweka Zanzibar, Kampala, Kigali na Lubumbashi bila kujali lugha ya kigeni aliyosomea mtu. Usanifishaji ukianzia hapo, unaanzia penye mwafaka.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, kila orodha mpya ya istilahi za sayansi iwe na sehemu ya vitenzi vya ushahidi, pamoja na mifano ya sentensi. Pili, mabaraza ya taifa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki waandae mwongozo mfupi kwa wanahabari na waandishi wa vitabu, unaoeleza ni lini "kuona" na "kuthibitisha" vitumike na ni lini visitumike. Tatu, istilahi zinazotaja uhusiano, kama "mwenzi", zisipitishwe kabla ya kuchunguzwa nani ni mwenzi wa nani katika matini za asili na kama Kiswahili hakina umbo la kutendana linalofaa zaidi.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi wa nyota wenzi katika mwanga wa kawaida ulifanya kile ambacho setilaiti haikuweza kukifanya peke yake: ulitoa kipimo cha kitu kisichoonekana. Lugha iliyobeba kazi hiyo ilianza na kiulizo mwaka 1972, ikapitia kirai nomino mwaka 1986, na mwaka 1992 ikafikia kitenzi kinachotaja kipimo kabla ya hitimisho. Mfuatano huo hauonyeshi kwamba uhakika hukua kwa kuondoa maneno ya hadhari. Unaonyesha kwamba maneno ya hadhari yakiwekwa mahali pake huuacha uhakika ukaguliwe.

Kiswahili kilitoa jina kwa setilaiti iliyofungua uwanja huu. Hatua inayofuata haihitaji roketi. Inahitaji mwandishi wa Kiswahili, anapoeleza Cygnus X-1 ya mwaka 1972, aandike kwamba nyota ilionekana, mwendo wake ulipimwa, na mwenzi wake mzito alidokezwa. Kisha aweke kiulizo pale ambapo Webster na Murdin walikiweka.